Boksi Walilolikataa: Paka wa Brooklyn Park kwenye Baridi ya Januari 2019

Brooklyn Park iko kaskazini-magharibi ya jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na ni mahali ambapo ukiingia dukani Jumamosi huwezi kukosa kusikia Kiswahili, kwa jinsi Wakenya walivyo wengi. Nyuma ya majengo mawili ya kupanga kulikuwa na uwanja wa kuegesha magari, uzio wa mbao, kichaka, na mapipa makubwa ya taka. Hapo waliishi paka kadhaa wasio na mwenyewe. Kikundi chetu cha kujitolea kiliitwa huko katikati ya Januari 2019, theluji ikiwa imeshakaa na utabiri ukianza kutaja baridi ambayo hata wazee wa Minnesota waliizungumzia kwa heshima.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu karibu kila kosa la kulea paka wa nje wakati wa baridi lilikuwapo hapo, na yote yalikuwa yamefanywa na watu wenye huruma.

Aliyetuita ni mama mmoja mtu mzima wa Mombasa aliyekuwa akikaa nyumba ya chini, dirisha lake likitazama kwenye uzio. Alikuwa akiwalisha tangu vuli. Shida yake ilikuwa fupi: chakula kinaliwa, vibanda vitatu vipo, lakini hakuna paka anayelala ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu uone maajabu. Chakula changu wanakula, nyumba yangu wanaikataa. Kwani nimewakosea nini?"

Vibanda vyenyewe vilikuwa hivi. Kimoja ni nyumba ya mbwa ya mbao, kubwa, iliyoachwa na mpangaji aliyehama. Viwili vingine ni maboksi ya karatasi ngumu ambayo mama aliyavisha mifuko myeusi ya taka na kutia blanketi ndani. Vyote vitatu vilipangwa kwenye uzio, milango ikitazama uwanja wa magari ili mama aweze kuona kutoka dirishani nani ameingia.

Nyumba ya mbwa ilijieleza yenyewe. Theluji mbele yake ilikuwa na nyayo zinazopita, hakuna hata moja iliyogeuka kuingia, na mbao za ndani hazikuwa na unywele. Paka hana jiko. Joto pekee analoingia nalo kibandani ni la mwili wake, nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Mwili wa kilo nne hauwezi kupasha chumba kilichojengewa mbwa wa kilo thelathini. Juu ya hapo mlango ulitazama kaskazini-magharibi, na kwa Minnesota huo ndio upande unakotokea upepo mbaya zaidi wa Januari. Kulala humo na kulala uwanjani kulikuwa na tofauti moja tu, nayo ni kwamba uwanjani mtu anaweza kukimbilia pande zote.

Maboksi ya mama yalikuwa na habari ndefu zaidi. Nilipotia mkono ndani ya la kwanza na kushika pembe ya blanketi, blanketi zima liliinuka kwa pamoja, limekakamaa. Upande wa chini ulikuwa umegandia kwenye karatasi. Dari ya boksi ilikuwa na chembe za barafu, ngumu kama chumvi ya mawe. Lakini ndani ya ile barafu ya blanketi kulikuwa na nywele, nyeupe, nyeusi na za rangi ya chungwa, nyingi. Kwa hiyo paka walikuwa wamelala humo. Waliingia, wakakaa kwa muda, kisha wakahama.

"Mama, hili lilikuwa limelowa ulipolitia?"

"Abadan. Nililitoa kwenye mashine ya kukausha, la moto."

Nilimwamini, na ndiyo maana kisa kina mafunzo. Unyevu haukutoka kwa mama, ulitoka kwa paka. Anaingia na theluji kwenye miguu na tumboni, inayeyuka. Anapumua usiku kucha, mvuke unapanda darini, unaganda, kisha unadondoka. Kitambaa kinapokea vyote hivyo na kuvishika. Paka akitoka kwenda kula, blanketi linaganda. Akirudi, joto lake linaanza kazi ya kuyeyusha barafu ile. Yaani paka ndiye analipasha blanketi joto, na analilipia kwa chakula alichokula mchana. Baada ya siku kadhaa za biashara hiyo, mnyama mwenye akili zake anakwenda kutafuta mahali pengine.

Mahali pengine penyewe palikuwa chini ya magari. Tuliona nyayo zikitoka kwenye uzio na kuishia kwenye tairi, na kwenye gari moja lililotoka kazini karibuni zilipanda hadi juu ya boneti. Injini iliyozimwa sasa hivi ndiyo jiko la bure la mtaa mzima. Paka hupenya kutokea chini na kujikunja karibu na mkanda wa feni. Asubuhi dereva akiwasha gari, hakuna atakayeweza kuwahi. Mama alianza siku ileile kuwaambia majirani wapige boneti kwa kiganja kabla ya kuwasha, na Waafrika wenzake walimwelewa haraka kuliko wengine, labda kwa kuwa alikuwa anawapigia mlango saa kumi na moja alfajiri.

Uwanja wa magari una hatari nyingine ambayo haionekani. Kulanti, kile kimiminika cha kuzuia rejeta isigande, ile yenye ethilini glaikoli, ina utamu, na kiasi cha kijiko cha chai kinaweza kumuua paka. Figo ndizo zinazokufa. Dawa ipo, lakini kwa paka inabidi aipate ndani ya saa tatu hivi tangu alipolamba, na paka wa nje hamwambii mtu amelamba saa ngapi. Tulipokuta doa la kijani kwenye theluji karibu na gari moja, tulilichimba lote pamoja na theluji yake na kulifunga kwenye mfuko.

Kazi ya kubadilisha vibanda ilikuwa rahisi kuliko kazi ya kumshawishi mama aache blanketi zake. Kinachotumika ni kontena la plastiki lenye mfuniko, lile la kuwekea nguo za msimu, la ukubwa wa lita 110 hivi. Unakata tundu upande mmoja, upana wa sentimita 15, na unalianzisha sentimita kadhaa juu ya sakafu ili theluji inayorundikana isiingie. Tundu likiwa dogo hivyo, mbwa haingii, na rakuni mnene, yule mnyama wa Marekani anayepekua mapipa ya taka, atahangaika. Ndani unavisha kuta, sakafu na mfuniko kwa vibao vya lile povu jeupe gumu linalokuja na televisheni mpya. Kisha unajaza mabua makavu ya ngano, mpaka karibu theluthi mbili, na kuyaachia bila kuyashindilia, maana paka huchimba na kujifukia.

Hapa kwenye mabua ndipo watu wengi huharibu, hata Wamarekani wenyewe. Dukani kuna marobota mawili yanayofanana. Moja ni mabua, yaani shina tupu lililobaki baada ya nafaka kuvunwa. Jingine ni majani ya kulishia ng'ombe na farasi, yaliyokatwa yakiwa mabichi na kukaushwa. Majani ya ng'ombe yananyonya maji, yanaoza, yanaota ukungu. Ukimtilia paka ni kama hujatoa blanketi. Shina la ngano ni tupu katikati, lina hewa, na gamba lake la nje linatelezesha maji. Mama, ambaye babu yake alifuga ng'ombe, aliyashika yote mawili, akayanusa, akasema haya ni chakula na haya ni kitanda. Sikuwa na la kuongeza. Kuhusu bei, mwenye subira hanunui: baada ya sikukuu za vuli Wamarekani hutupa marobota mazima waliyoyapambia baraza zao, na kikundi chetu huzunguka na gari kuyaokota kila Novemba.

Makontena mapya tuliyaweka palepale yalipokuwa maboksi, kwa sababu paka ameshaizoea njia. Tuliyainua juu ya matofali ili yasiguse ardhi iliyoganda, tukaweka tofali jingine juu ya kila mfuniko upepo usiupeperushe, na tukayageuza milango itazame uzio, nafasi ya paka kupita ikibaki katikati. Mama hakupenda hilo la kugeuza. "Sasa nitawaonaje?" Jibu ni kwamba hatawaona, na kwamba kuonekana ndiko paka wa nje anakokukimbia. Tulikubaliana atazame nyayo badala ya paka, na baada ya wiki alikuwa akizisoma vizuri kuliko sisi.

Nyumba ya mbwa tuliipiga ukuta wa povu katikati, tukaziba sehemu ya mlango kwa ubao, tukaigeuza. Haikuwa nzuri, lakini ilikuwa imeshalipiwa.

Maji yalileta mjadala mfupi. Mama alikuwa akiyaweka kwenye sufuria ya bati, na kwenye baridi kali ulimi uliolowa unanata kwenye chuma. Bakuli la umeme lingemaliza shida, ila hapakuwa na soketi nje, na hakuna mwenye nyumba anayependa waya uvuke theluji yake. Tulichofanya ni kutafuta bakuli nene la plastiki, refu kuliko pana, jeusi, na kulijaza maji ya uvuguvugu saa ileile kila siku, kabla jua halijazama, ambako mwisho wa Januari ni kama saa kumi na moja na robo jioni. Saa maalumu ina nguvu kuliko kifaa. Paka akijua kwamba maji na chakula vinafika wakati fulani, anafika naye, anakunywa kabla hayajaganda. Akikosa maji atakula theluji, na kila kipande cha theluji anakiyeyusha kwa joto lake mwenyewe. Chakula cha kopo kilitolewa kikiwa cha moto na kwa kiasi cha kuliwa papo hapo. Kilichobaki kwenye sahani ya nje usiku kucha ni kile kikavu, kwa kuwa hakigandi.

Mama alikuwa na sababu yake ya kushikilia habari ya maji. Alinisimulia Hadithi ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, na mkwewe Kabsha alipomtazama kwa mshangao akamwambia kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaowazungukia. Kila jioni alipotoka na birika, viatu vya theluji vikiwa vikubwa kuliko miguu yake, alisema hilo hilo: wanatuzungukia, mwanangu, basi tuwape maji.

Kisha utabiri ukawa kweli. Kuanzia tarehe 28 baridi ilishuka, na asubuhi ya tarehe 30 Januari kipimo cha Minneapolis kilisoma nyuzi 33 chini ya sifuri za Selsiasi, upepo ukiwa juu yake. Shule zilifungwa. Shirika la posta la Marekani, ambalo hujivunia kutozuiwa na theluji, lilisimamisha kupeleka barua Minnesota siku hiyo. Swali lililokuwa mezani kwetu, siku chache kabla ya hapo, lilikuwa moja: tuwakamate wote tuwaingize ndani, ama tuwaache?

Mwanakikundi mmoja alitaka wakamatwe wote. Namwelewa. Lakini "wote" ni neno la mtu aliye mbali na paka. Paka shume aliyekulia nje hamtofautishi mwokozi na muuaji. Ukimfungia bafuni atajirusha ukutani, hatakula siku mbili, kisha utamrudisha kwenye baridi ya Februari. Mtego wenyewe ni wa chuma, na anayeingia hawezi kutoka. Mtego ulioachwa nje dakika nyingi kwenye baridi ile ni chombo cha kuua. Kwa hiyo ilibidi tuzungumze paka mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa yule wa rangi tatu, mwenye nywele tulizozikuta kwenye blanketi. Paka wa rangi tatu karibu siku zote ni jike, na huyu tumbo lake lilikuwa la mviringo. Hoja ya kumkamata ilikuwa kwamba ana mimba, na vitoto vikizaliwa kwenye theluji havitapona. Hoja ilikuwa nzito. Lakini paka huanza kupata joto la uzazi mchana unapoanza kurefuka, na mimba huchukua miezi miwili na kidogo. Jike mwenye tumbo kubwa katikati ya Januari si kitu cha kawaida kwa nchi ile. Mama ndiye aliyemaliza ubishi, kwa simu yake. Alikuwa amempiga picha akila, kutoka dirishani, na ukiikuza picha unaona sikio la kushoto halina ncha. Mtu alikuwa ameshasema ni baridi iliyomla. Baridi haikati hivyo. Sikio lililoungua kwa baridi huwa na ukingo wa mapindimapindi, mara nyingi yote mawili, na ngozi yenye makovu. Hili lilikuwa limenyooka kama limepigwa rula, na la kulia lilikuwa zima. Hiyo ni alama ya daktari wa mifugo: paka aliyefungwa kizazi chini ya dawa ya usingizi hukatwa ncha ya sikio la kushoto palepale, ili asije akakamatwa tena bure. Kulikuwa na mtu, mwaka mwingine, aliyeshampitishia kazi yote hiyo. Tumbo lilikuwa manyoya na chakula cha mama. Tukamwacha, na tukaongeza mabua kwenye kontena lake.

Wa pili alikuwa dume la kijivu lenye milia, kichwa kipana, masikio yote mawili yameliwa ukingoni. Huyo ndiye shume wa kweli. Hakukubali hata dirisha lifunguliwe akiwa anakula. Hakuwa na alama ya daktari, kwa hiyo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kunaswa kwa mtego ili ahasiwe, lakini si wiki ile. Hakuna aliyebisha.

Wa tatu alikuwa mdogo, mweusi wote, na alikuwa amefika karibuni. Mama alisema kabla ya mwaka mpya hakuwapo. Nilisimama naye kwenye uzio kidogo tu nikawa nimeshaamua. Alikuja mkia umesimama wima. Alilia, na paka aliyekulia nje hamlilii mtu hovyo. Sauti ile ni ya anayejua kuwa mlango hufunguliwa. Alinitazama usoni, akafumba macho polepole. Huyu alikuwa wa nyumbani kwa mtu, akapotea au akaachwa wakati wa kuhama, na hakuwa na manyoya ya msimu. Kumwacha nje tarehe 30 kungekuwa kumhukumu. Hakuhitaji hata mtego, aliingia kwenye kikapu akifuata dagaa wa kopo.

Ncha za masikio yake zilikuwa baridi na zimepauka. Hapa mkono wa mtu mwema hukimbilia kusugua, na kusugua kunachana ngozi iliyoganda. Wala maji ya moto. Unamweka kwenye chumba cha joto la kawaida, unalaza kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu juu ya sikio bila kukandamiza, chupa ya maji ya moto unaifunga taulo na kuiweka karibu naye ili akitaka asogee, akitaka aondoke. Rangi ilirudi, nyekundu, na kuvimba kidogo. Daktari alimpitishia mgongoni kisomaji cha chipu, ile ya kumtambulisha mwenye paka, hakikulia. Tuliweka tangazo, hakujitokeza mtu, na mwezi uliofuata alipata nyumba kwa familia ya jengo la jirani.

Siku mbili za baridi yenyewe zilikuwa na mambo machache ya kusimulia, kwa sababu hakuna aliyetoka kwa zaidi ya dakika chache. Mama alimwaga maji, akaweka chakula, akapangusa theluji mbele ya matundu kwa fagio, akarudi ndani. Vibanda hatukuvifungua. Hamu ya kuinua mfuniko uone kama wako hai ni kubwa mno, na ukiuinua unaachia joto alilolikusanya usiku mzima na unamfukuza kukimbilia nje.

Tulifungua Februari, hali ilipolegea. Kwenye kontena la kwanza na la pili mabua yalikuwa yamechimbwa shimo la mviringo, lina nywele za rangi tatu katika moja na za kijivu katika jingine, na nilipoingiza mkono hadi chini nilikuta makavu. Nyumba ya mbwa haikuwa na kitu. Tuliivunja ikawa kuni.

Dume lilinaswa mwanzoni mwa Machi, siku ambayo theluji ilikuwa inayeyuka, kwa kunyimwa chakula tangu jana yake na kuwekewa samaki mwisho wa mtego. Tulifunika shuka mara tu mlango ulipoanguka, akanyamaza. Kuhasiwa kwa dume ni kazi ndogo, tumbo halinyolewi, na baada ya usiku mmoja wa kuamka kwenye dawa angeweza kurudi. Tatizo la daktari lilikuwa sikio. Baridi za miaka iliyopita zilikuwa zimekula ncha tayari, na sikio lililokatika ovyo halimwambii mtu kitu. Ilibidi akate tena, chini kidogo ya kovu, mstari ulionyooka, ili mtu mwingine akimwona kutoka dirishani mwaka mwingine ajue.

Kubaki kwa makontena hadi msimu uliofuata kulibishaniwa. Wasimamizi wa jengo waliyakubali kwa sharti yawe ya rangi ya uzio na chakula kisilale nje. Kikundi kilitaka yaondolewe kiangazi kwa ajili ya viroboto. Mama alisema yakiondolewa, paka watasahau njia. Mabua yalitolewa Aprili na kutupwa, makontena yakaoshwa na kuachwa yalipo.